Tenisi ya Wawili Wawili Wimbledon: Kanuni, Fedha na Mjadala Kuhusu Mustakabali Wake

Julai 12, 2025, Julian Cash na Lloyd Glasspool wa Uingereza walitwaa ubingwa wa wanaume wawili wawili katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon jijini London, baada ya kuwashinda Rinky Hijikata wa Australia na David Pel wa Uholanzi kwa seti mbili bila jibu, 6-2 na 7-6. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jozi yenye Waingereza watupu kutwaa taji hilo tangu Pat Hughes na Raymond Tuckey walipofanya hivyo mwaka 1936, yaani miaka 89 kabla yake.

Waandaaji walikuwa wamebadili ratiba mwaka huo. Badala ya fainali ya wawili wawili kuchezwa jioni, watazamaji wengi wakiwa wamekwisha kuondoka, ilipangwa itangulie katika Uwanja Mkuu saa saba mchana kwa saa za London, kisha ifuate fainali ya wanawake mmoja mmoja. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini yanagusa suala linalojadiliwa kwa miaka mingi katika tenisi ya kulipwa: mchezo wa wawili wawili upewe nafasi gani, na wanaoutegemea kwa riziki zao wana uhakika gani wa kesho?

Makala haya yanaeleza jinsi mchezo huo unavyochezwa, namna jozi zinavyopata nafasi ya kuingia, fedha zinazogawanywa, na mabadiliko yaliyofanywa au kupendekezwa ambayo yamewafanya baadhi ya wachezaji kwenda hadi mahakamani.

Uwanja uleule, mchezo mwingine

Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Katika mchezo wa mmoja mmoja, upana unaotumika ni mita 8.23. Wanapocheza wawili wawili, njia mbili za pembeni, kila moja ikiwa na upana wa mita 1.37, huingizwa katika mchezo na upana wote kufikia mita 10.97. Watu wengi hudhani kwamba nafasi hiyo ya nyongeza humfanya kila mchezaji awe na eneo kubwa zaidi la kulinda. Hesabu inaonyesha kinyume chake: ukigawa upana huo kwa wawili, kila mmoja hubaki na takriban mita tano na nusu, pungufu ya eneo analolilinda mchezaji aliye peke yake.

Hapo ndipo ulipo msingi wa tofauti zote. Kwa kuwa uwanja umejaa watu, mpira wa polepole unaopita katikati hukutana na raketi ya mtu aliyesimama karibu na wavu. Mchezaji hodari wa mmoja mmoja, ambaye nguvu yake ni kupiga mipira mirefu kutoka nyuma hadi mpinzani achoke, hujikuta silaha yake imekuwa butu. Kinachohitajika ni mpira unaovuka wavu chini kabisa na kuangukia miguuni mwa mpinzani, pigo fupi la hewani kabla mpira haujagusa ardhi, na uamuzi unaofanywa kwa sehemu ya sekunde.

Maboksi ya kuanzishia mpira hayabadiliki; yana ukubwa uleule kama wa mchezo wa mmoja mmoja. Wavu nao uko katika kimo kilekile, sentimita 91.4 katikati na mita 1.07 kwenye nguzo. Kwa sababu wavu huwa chini zaidi katikati, na kwa sababu mpira unaopigwa katikati haumpi mpokeaji pembe kubwa ya kurudisha, waanzishaji wengi wa wawili wawili hupendelea kuulenga mstari wa kati. Kasi ya mpira si jambo la kwanza. Mwanzishaji anayeingiza jaribio lake la kwanza mara kwa mara, hata kwa kasi ya wastani, humpa mwenzake wa mbele nafasi ya kuunyakua mpira unaorudi, ilhali mwenye kombora linalotua nje mara mbili kati ya tatu humwacha mwenzake huyo akiwa shabaha ya wapinzani.

Kuhusu zamu, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) ziko wazi. Wachezaji wote wanne huanzisha kwa mzunguko, gemu moja kila mmoja, na mpangilio huo haubadilishwi hadi seti iishe. Vivyo hivyo kwa upande wa kupokea: kila mmoja huchagua upande wa kulia au wa kushoto na kubaki hapo kwa seti nzima. Baada ya mpira kupokewa, yeyote kati ya wawili hao anaweza kuupiga. Hakuna sharti la kupokezana kama ilivyo katika tenisi ya mezani. Mpira wa kuanzia ukimgonga mwenza wa mwanzishaji, jaribio hilo huhesabiwa kuwa kosa. Ukimgonga mwenza wa mpokeaji kabla haujadunda, upande wa mwanzishaji hupata pointi, jambo ambalo huwashangaza watazamaji wapya kila linapotokea.

Mtazamaji wa televisheni ataona pia mchezaji wa mbele akificha mkono mgongoni na kuonyesha vidole. Hizo ni ishara kwa mwenzake: mpira uelekezwe wapi, na je, yeye wa mbele atabaki mahali pake au atavuka kwenda upande wa pili. Wakati mwingine huinama katikati kabisa ya uwanja, kichwa kikiwa chini ya kimo cha wavu, ili mpokeaji asijue ataruka kwenda kushoto au kulia. Mpokeaji hulazimika kuamua aelekeze wapi mpira kabla hajajua nani atakuwa wapi. Sehemu kubwa ya ushindani wa wawili wawili imo katika sekunde hiyo moja, na asiyeifahamu huona tu mipira mitatu au minne ya haraka kisha makofi.

Faida ya kuwa na mchezaji wa mkono wa kushoto na mwingine wa kulia katika jozi moja imeonekana mara nyingi. Ndugu pacha Bob na Mike Bryan wa Marekani, Bob akitumia kushoto na Mike kulia, walitwaa pamoja mataji 16 ya mashindano makuu manne na jumla ya mataji 119 ya kulipwa kabla ya kustaafu mwaka 2020. Baada ya kushinda Wimbledon mwaka 2013 walikuwa wanashikilia mataji yote manne makuu kwa wakati mmoja, pamoja na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya mwaka 2012.

Mchezo wa ndugu na wa marafiki

Mashindano ya Wimbledon yalianza mwaka 1877. Mchezo wa wanaume wawili wawili ulihamishiwa hapo kutoka Oxford mwaka 1884, na mabingwa wa kwanza walikuwa pacha William na Ernest Renshaw. Baada yao walikuja ndugu wengine, Reginald na Laurence Doherty, waliotwaa taji hilo mara nane kati ya mwaka 1897 na 1905. Katika enzi za karibu zaidi, Todd Woodbridge na Mark Woodforde wa Australia walishinda mara sita, na Woodbridge akaongeza mengine matatu akiwa na Jonas Björkman wa Sweden, hivyo kufikisha tisa.

Orodha hiyo inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba ubingwa huu ni wa jozi zilizokaa pamoja miaka mingi. Mara nyingi ni kweli, lakini Wimbledon imekuwa na tabia ya kuwapa ushindi watu ambao hakuna aliyewatarajia.

Mwaka 2005, Stephen Huss wa Australia na Wesley Moodie wa Afrika Kusini walilazimika kuanzia katika michezo ya kufuzu, kabla hata ya mashindano yenyewe kuanza. Walifuzu, wakaendelea kushinda, na katika fainali wakawakuta ndugu Bryan. Wakawashinda kwa seti 3-1 na kuwa jozi ya kwanza iliyotoka katika michezo ya kufuzu kutwaa taji hilo. Mwana wa Afrika akawa ameandika jina lake katika ukuta wa mabingwa kwa kupitia mlango wa nyuma.

Mwaka 2012 ilikuwa zamu ya Jonathan Marray wa Uingereza, aliyekuwa na umri wa miaka 31, na Frederik Nielsen wa Denmark. Hawakuingia kwa viwango vyao; waandaaji waliwapa nafasi ya upendeleo. Katika nusu fainali waliwatoa ndugu Bryan, na katika fainali wakawashinda Robert Lindstedt wa Sweden na Horia Tecău wa Romania kwa seti 3-2, chini ya paa la Uwanja Mkuu lililokuwa limefungwa. Hakuna jozi iliyopewa nafasi ya upendeleo iliyowahi kushinda kabla yao. Nielsen alikuwa mjukuu wa Kurt Nielsen, aliyefika fainali ya Wimbledon ya mmoja mmoja mara mbili, 1953 na 1955, na kupoteza zote mbili. Zawadi ya pauni 260,000 iliyogawanywa kati ya wawili hao ilikuwa fedha ambazo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezoea kuziona.

Mabingwa wa mwaka 2024 nao wana historia ya kuelezwa. Harri Heliövaara wa Finland aliwahi kuacha tenisi kwa miaka kadhaa kwa sababu ya majeraha na kufanya kazi katika uwanja wa ndege wa Helsinki, kabla ya kurejea mwaka 2017. Mwenzake, Henry Patten wa Uingereza, aliwahi kufanya kazi Wimbledon kwenyewe akikusanya takwimu za mechi za wengine kando ya uwanja. Walianza kucheza pamoja miezi michache tu kabla ya mashindano. Katika fainali dhidi ya Max Purcell na Jordan Thompson wa Australia, seti zote tatu zilikwenda hadi taibreki, na wapinzani walipata pointi tatu za ushindi ambazo hawakuzitumia. Heliövaara na Patten walitwaa taji, na Januari iliyofuata wakaongeza la Australia.

Simulizi hizi hazielezwi kwa ajili ya burudani pekee. Zinaonyesha kwamba mlango wa wawili wawili uko wazi kwa watu ambao wa mmoja mmoja umewafungia: waliochelewa, waliojeruhiwa, waliosoma kwanza vyuoni. Cash na Glasspool wote walipitia tenisi ya vyuo vikuu vya Marekani. Umri nao hauna uzito uleule. Rohan Bopanna wa India alikuwa na miaka 43 aliposhinda taji la Australia mwaka 2024 akiwa na Matthew Ebden, na mwezi huohuo akawa mchezaji mwenye umri mkubwa zaidi kushika nafasi ya kwanza duniani katika viwango vya wawili wawili.

Jozi huingiaje

Wimbledon huchukua jozi 64 za wanaume. Jozi 16 bora kwa viwango huorodheshwa na kutenganishwa katika droo ili zisikutane mapema. Bingwa hulazimika kushinda mechi sita.

Viwango vya wachezaji wawili hujumlishwa, na jozi zenye jumla ndogo ndizo huingia kwanza. Kila mchezaji anaruhusiwa kutumia nafasi yake iliyo bora zaidi, iwe ya mmoja mmoja au ya wawili wawili. Kanuni hii ndiyo chanzo cha manung'uniko mengi. Mchezaji aliye wa 40 duniani katika mchezo wa mmoja mmoja, ambaye huenda hajacheza wawili wawili kwa miezi kadhaa, anaweza kuchukua nafasi na kumwacha nje mtaalamu wa mchezo huo aliye wa 90. Waandaaji husema majina makubwa huvuta watazamaji. Wataalamu hujibu kwamba baadhi ya majina hayo hucheza mzunguko mmoja na kujitoa mara uchovu unapoingia. Pande zote mbili zina hoja, na kanuni imebaki kama ilivyo.

Waandaaji pia hutoa nafasi chache za upendeleo, ambazo kwa kawaida huenda kwa wachezaji wa nchi mwenyeji. Mfano wa Marray na Nielsen unaonyesha kuwa nafasi hizo zinaweza kuzaa matunda, ingawa jozi nyingi zinazozipata hutolewa mapema.

Fedha

Katika mashindano ya 2025, bingwa wa mmoja mmoja alilipwa pauni 3,000,000. Jozi bingwa ya wawili wawili ililipwa pauni 680,000, yaani 340,000 kwa kila mchezaji, takriban sehemu moja ya tisa. Pengo hilo linaweza kutetewa kwa hoja ya watazamaji na matangazo ya televisheni, na kwa bingwa mwenyewe 340,000 si fedha haba.

Hali halisi inaonekana zaidi kwa wanaotolewa mwanzoni. Aliyepoteza mchezo wake wa kwanza wa mmoja mmoja aliondoka na pauni 66,000. Jozi iliyopoteza mchezo wake wa kwanza ilipata pauni 16,500, sawa na 8,250 kwa kila mmoja. Tofauti hapo ni mara nane. Katika fedha hizo mchezaji hulipa kodi, nauli, malazi na kocha, na Wimbledon ni miongoni mwa mashindano yanayolipa vizuri kuliko mengine. Wiki nyingine za mwaka huwa katika miji midogo ambako zawadi ni kidogo zaidi. Ndiyo maana jozi nyingi huwa na kocha mmoja wa pamoja. Kuvunjika kwa jozi, jambo linalotokea mara kwa mara na wakati mwingine kwa ujumbe mfupi tu wa simu, huwa pia ni kuvunjika kwa mpango wa kiuchumi wa watu wasiopungua watatu.

Mabadiliko yaliyofikishwa mahakamani

Mwaka 2005, Chama cha Wachezaji wa Kulipwa wa Tenisi kwa Wanaume (ATP) kilitangaza mpango wa kubadili mchezo wa wawili wawili katika mashindano yake, ukiwamo ufupishaji wa seti na masharti ambayo yangewapa kipaumbele wachezaji wa mmoja mmoja wakati wa kuingia. Wachezaji wa wawili wawili, ndugu Bryan wakiwa mstari wa mbele, walifungua kesi mjini Houston, Marekani. Waliona kwamba kazi yao inaondolewa bila ridhaa yao na chombo kilichopaswa kuwawakilisha.

Mgogoro huo ulimalizika kwa maelewano. Masharti makali zaidi yaliachwa, na kuanzia mwaka 2006 yakabaki mabadiliko mawili yanayotumika hadi sasa katika mashindano ya ATP. La kwanza, gemu ikifika 40 kwa 40 hakuna tena faida. Pointi moja huamua, na wapokeaji huchagua mpira uelekezwe upande upi. La pili, jozi zikiwa sare ya seti moja kwa moja, badala ya seti ya tatu huchezwa taibreki ndefu ya pointi kumi.

Matokeo yake ni mechi fupi zinazoweza kupangiwa muda. Ni kweli pia kwamba bahati imepata nafasi kubwa zaidi. Pointi moja mbaya inaweza kuamua gemu, na dakika kumi mbaya zinaweza kufuta saa nzima ya kazi nzuri. Kwa mchezaji wa mmoja mmoja anayecheza wawili wawili kujipasha moto, hilo si tatizo. Kwa anayeishi kwa mchezo huo, ni jambo la kupanda au kushuka katika viwango, na hivyo la kuingia au kutoingia Wimbledon.

Wimbledon yenyewe ilikataa kwa muda mrefu kufuata mkondo huo. Hadi mwaka 2022, wanaume wawili wawili walicheza hapo seti tano, wakati mashindano mengine makuu yalikuwa yamekwisha kuhamia seti tatu. Uaminifu huo kwa desturi ulikuwa na gharama zake. Katika robo fainali ya mwaka 2006, Mark Knowles wa Bahamas na Daniel Nestor wa Canada waliwashinda Simon Aspelin wa Sweden na Todd Perry wa Australia kwa matokeo ya 23-21 katika seti ya tano, baada ya saa 6 na dakika 9. Fainali ya mwaka 2019, ambapo Juan Sebastián Cabal na Robert Farah waliipatia Colombia taji lake la kwanza, ilidumu saa 4 na dakika 57. Mchezaji wa mmoja mmoja mwenye mechi siku inayofuata hawezi kuthubutu kujiingiza katika safari ya namna hiyo, na mpangaji wa ratiba hajui lini uwanja utakuwa huru.

Mwaka 2023 Klabu ya All England ilipunguza mchezo huo kuwa seti tatu. Wesley Koolhof wa Uholanzi na Neal Skupski wa Uingereza ndio walioshinda fainali ya kwanza ya mfumo mpya, 6-4, 6-4, dhidi ya Marcel Granollers wa Hispania na Horacio Zeballos wa Argentina. Hata hivyo Wimbledon imeendelea kutumia gemu zenye faida na seti kamili ya tatu, ambayo ikifika 6-6 huamuliwa kwa taibreki ya pointi kumi. Kwa maoni ya wengi wanaoufuatilia mchezo huu, hapo ndipo uwiano mzuri umepatikana: mechi ina kikomo kinachojulikana, na bado aliye bora ana muda wa kutosha kuuonyesha ubora wake.

Mjadala ulipamba moto zaidi Agosti 2025, ingawa safari hii uwanja ulikuwa mwingine. Mashindano ya wazi ya Marekani yaliuondoa mchezo wa mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke katika wiki zake za kawaida, yakauweka siku mbili wiki moja kabla, kwa jozi 16 tu, nusu zikichaguliwa kwa viwango vya mmoja mmoja na nusu kwa mialiko. Seti zilifupishwa kuwa za gemu nne hadi kufikia fainali, na zawadi ya bingwa ikapandishwa hadi dola milioni moja. Viwanja vilijaa. Wataalamu wengi wa wawili wawili walibaki nyumbani. Sara Errani na Andrea Vavassori wa Italia, mabingwa watetezi walioalikwa, walikuwa karibu peke yao kati ya wataalamu hao. Wakaonekana kama waliowekwa kukamilisha idadi, kisha wakawashinda nyota wote waliokutana nao na kutwaa taji mbele ya Iga Swiatek wa Poland na Casper Ruud wa Norway.

Kila upande ulichukua kutoka tukio hilo ushahidi uliotaka. Waandaaji walionyesha majukwaa yaliyojaa. Wachezaji walionyesha jina la aliyeshinda.

Afrika na ukanda wa Mashariki

Afrika si mgeni katika mchezo huu. Mbali na Moodie, Wazimbabwe Wayne Black na Kevin Ullyett walitwaa taji la Marekani mwaka 2001 na la Australia mwaka 2005, na Byron Black, kaka yake Wayne, alishinda Ufaransa mwaka 1994 akiwa na Jonathan Stark wa Marekani. Raven Klaasen wa Afrika Kusini alifika fainali ya Wimbledon mwaka 2018 akiwa na Michael Venus wa New Zealand.

Kwa Afrika Mashariki, jina lililoandikwa katika viwanja hivyo vya nyasi ni la Angella Okutoyi wa Kenya. Julai 2022, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda fainali ya wasichana wawili wawili dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Canada kwa 3-6, 6-4 na taibreki ya 11-9. Alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makuu, na alilipata kupitia mchezo wa wawili wawili. Mboko, aliyekuwa upande wa pili wa wavu siku hiyo, alitwaa taji la mmoja mmoja la Canada mwaka 2025.

Kwa upande wa wanaume, hatua iliyo karibu zaidi kijiografia ni Kigali. Tangu mwaka 2024, Rwanda imekuwa mwenyeji wa mashindano ya ngazi ya Challenger ya ATP, ambayo huwa na mchezo wa wawili wawili pamoja na wa mmoja mmoja. Pointi zinazopatikana huko huingia katika orodha ileile ya viwango inayotumika kuchagua jozi za Wimbledon.

Jambo jingine linalougusa ukanda huu moja kwa moja ni Kombe la Davis, mashindano ya timu za taifa za wanaume. Katika makundi ya ngazi za chini ya kanda ya Afrika, ambamo nchi za Afrika Mashariki zimekuwa zikishiriki, kila pambano kati ya nchi mbili huwa na mechi tatu: mbili za mmoja mmoja na moja ya wawili wawili. Nchi zikigawana mbili za kwanza, ya wawili wawili ndiyo huamua nani anapanda na nani anabaki. Taifa lenye mchezaji mmoja mahiri linaweza kujihakikishia pointi moja; ili kupata ya pili linahitaji ama mchezaji wa pili wa kiwango hicho, jambo lililo gumu na la gharama, au jozi iliyofanyishwa mazoezi pamoja ipasavyo.

Kwa anayetaka kufuatilia

Mashindano ya Wimbledon huchezwa kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Mechi za wanaume wawili wawili kwa kawaida huanza Jumatano ya wiki ya kwanza, nyingi zikichezwa katika viwanja vya pembeni ambavyo matangazo ya televisheni huvifikia kwa nadra katika raundi za mwanzo. Robo fainali na nusu fainali huwa katika wiki ya pili. Kwa ratiba iliyotumika mwaka 2025, fainali ilikuwa Jumamosi ya mwisho, saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki.